Tangazo kwa Wasiojibu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua tangu mvua zianze kimepata nafuu. Mpwa wangu hajambo? Uliniandikia kuwa meno mawili ya mbele yamemtoka, na sasa anacheka huku ameziba mdomo. Mimi ni mzima. Magoti tu ndiyo yanayogoma nikipanda ngazi za ofisini.

Kazi yangu ni ile ile uliyoniacha nayo mara ya mwisho: kuhariri kijarida cha msaada wa kompyuta hapa chuoni. Mafundi wananiita Bwana Koma, kwa kuwa hakuna tangazo lao linalotoka bila kupita mkononi mwangu. Juzi mhadhiri mmoja alikuja akihema, amekumbatia kompyuta yake kama mtoto mwenye homa, akisema imekata roho. Fundi mkuu, mama asiyecheka ovyo, alimwuliza kama aliichomeka kwenye umeme. Mhadhiri akang'aka kwamba yeye si mtoto mdogo. Ilipochomekwa, ikawaka. Yule mama akampa pole, akamwambia mgonjwa alikuwa na njaa tu. Nami nikapata dokezo la mwezi: kagua waya kabla ya kumlaumu fundi.

Najua si habari hizo unazozingoja. Unangoja zile sauti alizojirekodi shemeji wodini siku zake za mwisho, akimsimulia binti yake juu ya sisimizi aliyekuwa akipanda ukuta. Alijitumia kwenye sanduku lake la barua pepe la hapa chuoni alikokuwa akifundisha, kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa. Uliniambia hukuwa na moyo wa kuzisikiliza, lakini hukuwa na wasiwasi, maana ziko chuoni, kwa kaka. Miezi mitatu iliyopita mtoto alikuuliza baba yake alikuwa na sauti gani, nawe ukaniomba nizitoe. Nikakujibu kuwa mtambo ni mbovu. Mara ya pili nikasema mafundi wamezidiwa. Mara ya tatu nikasema tuvute subira.

Mdogo wangu, nilikudanganya. Sauti hizo hazipo.

Mwanzoni mwa mwaka hifadhi ya chuo ilijaa. Ikaamuliwa kwamba sanduku lisilofunguliwa kwa miaka miwili lifutwe, isipokuwa mwenyewe akijibu tangazo ndani ya siku thelathini. Tangazo niliandika mimi. Fundi mkuu alishauri orodha ibandikwe pia kwenye mbao za matangazo za idara, kwani wengine wameacha kazi na wengine ni marehemu. Nikamkatalia. Nilimwambia kuwa si adabu kuanika majina ya watu ukutani. Tangazo liende kwa mhusika mwenyewe. Akasema, haya Bwana Koma, wewe ndiye mwenye maneno. Basi tukawaandikia wote kwenye masanduku yale yale tuliyokusudia kuyafuta.

Walikuwa mia nne na kumi na wawili. Orodha niliihakiki kwa mkono wangu: jina, idara, siku ya mwisho sanduku kufunguliwa. Jina la shemeji lilikuwa ukurasa wa sita. Siku ya mwisho ilikuwa Jumanne ile, ambayo wewe na mimi tunaijua. Nililiona, mdogo wangu. Nikaweka alama ya vyema, nikashuka kwa linalofuata. Sina neno la kueleza jinsi jicho linavyoweza kusoma jina la mtu lisimwone mtu. Siku thelathini zikapita. Hakujibu.

Nimekwenda kwa fundi mkuu mara nne. Mara ya mwisho alifunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba hata nakala za akiba zimeshafutika, zimeandikiwa mengine juu yake, na niache kujitesa. Hakunikumbusha alichonishauri. Heri angenikumbusha.

Usimwambie mtoto kuwa mashine iliharibika. Jumamosi nitakuja nimwambie mwenyewe kuwa aliyezipoteza ni mjomba. Kisha, akinikubalia, nitamweleza sauti ya baba yake kadiri ninavyoikumbuka: ilikuwa nzito kidogo, na ilipanda alipokaribia kucheka. Najua hicho si kitu.

Usipotaka kufungua mlango, nitaketi kibarazani hadi saa ya basi la kurudi, wala sitabisha mara ya pili.

Msalimie binti yetu, na jirani anayekupikia uuguapo.

Ni mimi kaka yako,
niliyekukosea.