Nambari Aliyoichukua Mama

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi manyunyu. Umeme ulirudi alfajiri baada ya kukatika usiku kucha.

Kadzo, katibu wa kikundi cha wakulima wa maembe huko Marafa, alinipigia saa mbili. Orodha ya wanachama, niliyoiweka kwenye kompyuta hapa nyumbani Malindi, haifunguki kwake. Mkutano ni saa kumi. Ikishindikana, wanarudi kwenye daftari, na kazi yangu ya mwaka mzima...

Nikamwambia amekosea nywila. Akaiandika mara tisa.

"Dada, nikiiandika tena vidole vitaota sugu."

Kwenye kompyuta yenyewe orodha ilifunguka vizuri, basi nikazidi kumlaumu yeye. Adhuhuri ndipo nilipokagua ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani. Nilikuwa nimeiagiza impeleke kila anayebisha hodi kutoka nje kwenye nambari kumi na mbili, ya kompyuta yangu. Lakini umeme uliporudi, ruta iligawa nambari upya kwa kila kifaa kinachowashwa, na Mama, anayeamka kabla ya adhana, aliwasha simu yake kwanza. Kumi na mbili ikawa yake.

"Yaani watu wa Marafa wananipigia hodi mimi tangu asubuhi," akasema Mama, "nawe hukuniambia niwakaribishe?"

Nimeiwekea kompyuta nambari hiyo moja kwa moja, isichukuliwe tena. Kadzo akafungua papo hapo.

Saa kumi aliwasomea wanachama orodha, simu ikiwa wazi ili nisikie, akawaeleza kuwa aliyekosea yuko Malindi.

Nalala saa nne kasorobo.