Ujumbe Umefika Simuni, Kaka Anahesabu Umesomwa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijakosana na kaka yangu. Kuunda programu nilijifundisha mwenyewe, na leo mfumo wangu unawakumbusha akina mama siku za chanjo za watoto na kuwaonyesha wauguzi nani kausoma ujumbe. Kaka ndiye anayeutafutia wateja. Zahanati zilipoongezeka skrini ya takwimu ikawa nzito kufunguka, kaka akanijia juu, "Mdogo wangu, mteja hangoji," kisha nikiwa nauguza mke wangu akamwita fundi mwingine, wakachanganya ujumbe uliofika simuni na uliofunguliwa ukawa hesabu moja, skrini ikawa nyepesi na "waliosoma" wakaruka kutoka asilimia arobaini na moja hadi tisini na tatu, watu wakapiga makofi. Mimi tarakimu hazinidanganyi, watu hawabadiliki hivyo ghafla, nikachimba nikaona. Kibaya zaidi, muuguzi mmoja kaniambia kwa furaha, "Siku hizi siwapigii tena simu, mwanangu, mashine inasema wamesoma." Nilikosa la kusema. Kaka anadai namwonea wivu huyo fundi, nisubiri hospitali kubwa anayoifuatilia itie saini mkataba kwanza, na mama ananisihi nimheshimu mkubwa wangu. Nifanyeje?

Mdogo Mtu

Mdogo Mtu, pole, na mkeo apone. Mtu kakubomolea ukuta ukiwa na mgonjwa, halafu unaitwa mwenye wivu. Una haki ya kununa. Lakini ulikosaje la kusema mbele ya yule muuguzi? Lilikuwa moja tu: "Mama, endelea kupiga simu." Kaka yako anaweza kungoja saini, watoto hawawezi kungoja chanjo. Leo hii zipigie zahanati zote. Usimtaje kaka wala fundi, sema mfumo wetu umekosea. Kisha tenganisha hizo hesabu. Skrini nayo usiidharau, kaka alikuwa na hoja: kazi ya kutuma ujumbe ibaki kwenye seva moja, ya kuhesabu ihamie nyingine, majumlisho yawe tayari kabla muuguzi hajafungua. Mama mwambie unamheshimu sana kaka, ndiyo maana hutaki hospitali kubwa ndiyo imuumbue. Kaka atafoka. Mwache afoke, atapoa. Wewe anza na yule muuguzi, na usikate simu mpaka akuahidi kwamba anawatafuta akina mama wote ambao hawajatokea.