Chupa Iliyozibwa kwa Gunzi

Morogoro, kiangazi

Kwa dada yangu Rasoa,

Mulembe, dada. Mulembe kwako na kwa wote wanaoamka hapo Lubao. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua asubuhi, na mke wangu Mwanahawa naye mzima. Macho yako je? Nauliza huku jibu ninalo, maana Felista ameniambia, na hayo macho ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Barua hii anaileta mwanao Felista mwenyewe, na ndiye atakayekusomea. Nimemwomba asiruke mstari, hata akikuta watu wamejaa jikoni.

Unakumbuka mwaka wa Uhuru wetu wa Kenya. Nilikuwa nimekaa huku Tanganyika karibu miaka thelathini, karani wa shamba la mkonge, na wenzangu ofisini wakanipongeza kana kwamba bendera niliipandisha mimi. Kichwa kikavimba. Nikawaalika waje wale chakula cha kwetu, nikakuandikia unitumie majani ya kunde yaliyokaushwa na chupa ya musherekha, yale maji ya kulainisha mboga ambayo mama alikuwa akiyachuja kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Ukatuma. Chupa ilipita mikononi mwa wasafiri watatu, ikafika imezibwa kwa gunzi la mahindi, haijamwagika hata tone.

Mwanahawa ni Mluguru, hayo maji hakuwa amewahi kuyaona. Akaniuliza yanatiwa kiasi gani. Dada, vitabu nimesoma vingi, lakini jikoni kwa mama nilifukuzwa mapema kama wavulana wote wa kwetu, nikawa mtu wa kuletewa sahani. Ladha niliijua, kipimo sikukijua. Badala ya kusema sijui, nikamwambia, "Mimina yote."

Mboga iligeuka nyeusi, ikalegea kama uji, ikachoma ulimi. Wageni walikuwa saba. Mzee Kibwana, mtunza stoo wetu, alitafuna polepole, akanitazama. "Karani," akasema, "huko kwenu Uhuru mnausherehekea kwa kula sabuni?"

Wakacheka, nami nikacheka. Halafu nikasema neno ambalo sijawahi kulisema tena, wala sijalisahau: "Dada yangu amezeeka. Atakuwa amekosea kuyatengeneza."

Tangu siku ile wakaniita Bwana Sabuni. Hilo lilinistahili. Lile nililokusingizia halikukustahili.

Nawe nikakuandikia kwamba wageni walilamba vidole. Ukafurahi, na kila kiangazi ukatuma chupa nyingine. Nilizipanga nyuma ya sanduku la vitabu na kukuandikia shukrani, kila mwaka kwa maneno mazuri kuliko ya mwaka uliotangulia. Ningekuuliza kipimo tu, mambo yangekwisha. Lakini kukuuliza kungekuwa kukiri kwamba nilikudanganya, nami nilikuwa mzee wa kuheshimiwa.

Mwezi uliopita Felista alipokuja kutusalimu, alisogeza lile sanduku akitafuta kitabu cha kusoma. Akazikuta chupa tatu zimejaa vumbi, magunzi yako yangali shingoni. Alikaa chini. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama sikuyapenda. Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye "mimina yote" alicheka hadi akashika ukuta.

"Mama huwekanga vijiko viwili, Mjomba. Kwani ulidhani ni supu?"

Kisha kicheko kikamwisha. Akanieleza kwamba maganda mazuri unayatenga kwenye gunia lake peke yake, na hutaki mwingine ayachome, ingawa moshi umekumaliza macho na muuguzi amekukataza. Wakikuambia uache, unawajibu, "Kaka yangu hana kitu kingine cha nyumbani."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba kama mtoto aliyevunja chungu.

Felista akapika. Kunde, vijiko viwili, maziwa kidogo, kisha sufuria ikaachwa kwenye makaa yanayofifia. Siku ya pili akapasha, akaongeza maziwa. Siku ya tatu akasonga ugali wa wimbi na muhogo, mweusi na mzito, wa kumegwa kwa vidole bila kunata. Dada, mboga ile ilikuwa laini, ikiteleza kooni, na ule uchungu mdogo ukabaki nyuma ya ulimi, pale pale unapokaa. Niliinamisha uso kwenye sahani ili Mwanahawa asinione.

Nikawaita wale wa mwaka ule. Wamebaki wanne. Kibwana alifuta sahani kwa kidole, akauliza maji haya yametengenezwa na nani. Nikamwambia: ni yule yule dada yangu, na ya siku ile yalikuwa haya haya. Aliyekosea ni mimi, nikamsingizia yeye.

Kibwana alisukuma sahani kando. "Basi mwombe radhi huyo mama," akasema. "Sisi tulikula tu."

Nisamehe, Rasoa. Nilichafua jina lako ili langu libaki safi.

Nisalimie shemeji, mwambie redio aliyoniagiza nitaitafuta. Nisalimie mkweo anayekuchotea maji, na yule jirani mwenye ng'ombe anayekuletea maziwa. Wasikuruhusu tena kukaa kwenye moshi. Gunia la maganda wape kuku walalie.

Felista amekubebea chupa moja kati ya zako, nimeizibua na kuiziba tena hadi gunzi limelegea. Haiko tupu. Tumevuna maharagwe nyuma ya nyumba, nikayachoma maganda mwenyewe, nikachuja majivu kwenye kopo nililolitoboa kwa msumari, huku mwanao amesimama akinicheka. Weka vijiko viwili kwenye mboga yako, uonje. Kisha uniandikie ukweli, si kama nilivyokuwa nikikuandikia mimi.

Ni mimi kaka yako,
Zakayo