Shimo la Kilomita ya Thelathini na Nne

Guarne, Jumapili

Mpendwa kaka Arbey,

Shikamoo. Kile kikohozi ulichoondoka nacho kwenda kambi ya jeshi kimekwisha? Mama anauliza kama mnapewa chakula cha moto, na kama unazivaa soksi za sufu alizokufumia. Sisi huku miili yetu ni mizima. Baba anakamua ng'ombe zake kama kawaida, na mvua haijakatika tangu Pasaka. Najua simu mnarudishiwa dakika kumi tu kwa juma, na zote mama humaliza yeye. Lakini hata ungekuwa nayo siku nzima, haya nisingeweza kuyasema kwa mdomo.

Mama alikwambia kwamba nimechaguliwa timu ya mkoa, na kwamba Anyela ameumia. Alikusimulia kwa furaha na huzuni, moja baada ya nyingine, kama mambo mawili tofauti. Kaka, ni jambo moja.

Asubuhi ya mbio, kocha Duberney alitukusanya kando ya barabara tukiwa tunafunga viatu vya magurudumu. Alisema klabu yetu ina nafasi moja tu ya msichana kwenye timu ya mkoa, nayo ni ya Anyela asipofanya ujinga. Kazi yangu ilikuwa ileile ya mwaka mzima: niwe kichwa cha treni, ule msururu wetu wa kufuatana, nimkatie upepo kilomita arobaini, kisha nijitoe pembeni apite akashinde. Wenzangu wakaanza kunitania. Wananiita Maktaba tangu siku waliponikuta nasoma kitabu nikiwa na helmeti kichwani. Wakasema jamani Maktaba leo asije akafungua ukurasa njiani tukamgonga. Anyela alicheka kuliko wote. Halafu akapiga magoti, akanikaza kamba za kiatu kwa mikono yake, akaniambia niachane na hao wapuuzi, bila mgongo wangu yeye si kitu.

Alisema kwa upendo, nami nilimwelewa hivyo. Hata hivyo neno hilo liliniingia vibaya. Miaka kumi ya urafiki, tangu darasa la kwanza, na mimi ni mgongo.

Tulikwenda vizuri. Kilomita ya ishirini tulikuwa tumebaki tisa mbele. Kilomita ya thelathini nilihisi jambo ambalo sikuwahi kulihisi: sikuwa nimechoka. Nyuma yangu niliisikia pumzi ya Anyela ikikwaruza. Alinipiga kiunoni, akapaza sauti kwamba Maktaba ongeza, unalala! Nikaongeza, naye akakawia kidogo kunifikia. Hapo nikawaza, kaka, kwamba leo mimi ndiye mwenye nguvu, na baada ya dakika chache nitajitoa pembeni kama nilivyoagizwa.

Wewe ndiye uliyetufundisha sheria ya treni. Anayefuata haoni barabara, anaona mgongo tu, kwa hiyo wa mbele ndiye macho yake. Akiona shimo au mafuta lazima ashushe mkono na kuonyesha. Ulisema ukimnyima mwenzako mkono, umemsukuma.

Kilomita ya thelathini na nne, baada ya kona ya bustani za maua, niliona shimo la upana wa sahani. Niliwaambia maafisa wa mbio kwamba lilijitokeza ghafla. Si kweli. Nililiona mapema, muda wa kutosha kuhesabu mpaka nne. Mkono wangu ulikuwa umelala mgongoni. Nikaukaza pale pale, nikajipinda kushoto.

Nilidhani atayumba tu, apoteze hatua kumi. Najiambia hivyo kila siku, na sijui tena kama nilidhani hivyo kweli. Nilisikia plastiki ikisaga lami, kisha sauti yake. Sikugeuka. Nilimaliza wa pili.

Goti lake limepasuliwa mara mbili. Daktari amesema atatembea, lakini kuhusu mbio asiulizwe. Na sikia hili: Anyela amewaambia wote kwamba nilionyesha mkono, ila yeye alikuwa akitazama nyuma. Mama yake ananikumbatia, ananipa kikombe cha maji moto ya sukari guru, ananiambia walau mmoja wenu ameipata nafasi. Nakunywa, kaka. Nakunywa mpaka mwisho na kurudisha kikombe.

Sili vizuri. Vitabu navifungua, maneno hayaingii. Ulinibeba mgongoni nikiwa mdogo, kwa hiyo nimekuambia wewe kwanza, na kama hutataka kuniandikia tena nitaelewa.

Baba na mama wanakusalimu, na bibi anakuombea kila jioni. Jitunze na baridi ya huko milimani.

Mdogo wako,
Deisy Milena

Jumatatu. Barua sikuifunga jana. Asubuhi nimemrudishia kocha sare ya timu na kumweleza sababu. Alikaa chini kwenye ngazi, hata hakunitukana. Kisha nikaenda kwa Anyela, nikampa barua hii aisome. Aliisoma yote, polepole. Amesema alijua tangu akiwa bado chini barabarani. Aliwadanganya ili nipate nafasi ya kuja kumwambia mwenyewe, na alikuwa akinitarajia jioni ileile. Leo ni siku ya tisa, amesema, na akaniomba nikitoka nifunge mlango.