Hatua za Bravin

Malava, 4 Machi 2025

Mwanangu Kibet,

Salamu nyingi. Mnaendeleaje huko Iten, na goti lako? Sisi tupo, tunavuta siku.

Tangu trekta la miwa limchukue Bravin wangu, mwenzako wa mbio, ninaisahau sauti ya hatua zake akirudi kutoka mazoezini. Usiku ninajaribu kuikumbuka, nashindwa. Pale matangani uliniambia viatu mlivyopewa nyote wawili na kampuni inayowafadhili vina kompyuta ndogo ndani ya soli, inayohifadhi hatua za mtu. Je, naweza kuzisikia? Siku ya kugawa nguo za marehemu, wazee walimpa viatu vyake Shikanga, mtoto wa dada yangu. Havimwingii. Amevitundika ukutani.

Andika, usipige. Kwenye simu nalia tu.

Mama yako,
Milcah

Iten, 11 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa, asante.

Inawezekana. Fundi wa kampuni anaweza kuzigeuza zikawa sauti. Lakini Mama, kompyuta ile inashika safari ya mwisho tu. Nyingine zote zilikuwa kwenye simu yake, nayo ilisagika. Mtu mwingine akitembea na viatu hivyo, za Bravin zinafutika. Mwambie Shikanga asiviguse. Nakuja kuvichukua Jumamosi.

Mwanao,
Kibet

Malava, 12 Machi 2025

Mwanangu Kibet,

Natumaini u mzima. Jibu lako halijafika, nami nimeshindwa kungoja. Jana nilienda kumsihi Shikanga. Hakukataa, ila alisema, "Mama, nguo ya marehemu ikishagawiwa hairudi mkononi kama ya wizi. Anayeichukua huivaa."

Basi nikavivaa. Vilinipwaya, nikajaza matambara mbele, nikapita navyo kwenye miwa hadi nyumbani. Sasa nimevituma kwa gari la Eldoret. Harakisha, mwanangu. Sili vizuri.

Mama yako,
Milcah

Iten, 2 Aprili 2025

Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Barua zetu zilipishana njiani.

Fundi amejaribu kila njia. Kuna hatua za mtu mmoja tu, fupi, za polepole, anayesimama kila mara. Nimekaa na habari hii siku nyingi nikikosa namna ya kukuandikia. Nisamehe.

Mwanao,
Kibet

Malava, 19 Aprili 2025

Mwanangu Kibet,

Pole kwa kubeba habari hiyo peke yako. Huna kosa.

Nilisimama kwa sababu viatu vilipata joto. Nilijua ni joto la miguu yangu, lakini nilisimama hivyo hivyo nikaliacha likae, kana kwamba amevivua sasa hivi. Kumbe kila hatua nilikuwa nikimfuta.

Mrudishie Shikanga viatu vyake. Sauti usinitumie, yangu naijua.

Kuna mashindano Kapsabet mwezi ujao, nimesikia. Kimbia, mwanangu, usikae nyuma kwa ajili yetu. Nami unikumbuke.

Mama yako,
Milcah