Dumu la Bluu Nililolitoboa

Baba Neema,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko uliko? Kile kifua bado kinakusumbua, au huko hakuna kukohoa? Sisi wa Rhotia tupo, tunamshukuru Mungu. Maharage yametoa maua. Neema bado anakumiminia chai asubuhi, halafu anakumbuka.

Mume wangu, lipo jambo nataka nikuambie. Siku ya kuanua matanga ukoo uliketi kugawa vitu vyako. Mdogo wako akapewa koti, kaka yako akachukua redio. Mimi nilikuwa pembeni, maana mjane hasemi siku hiyo. Mara dada yako, wifi Theresia, akatoka bandani anacheka, ameshika lile dumu la bluu, la sumu uliyokuwa ukipulizia kahawa kule Oldeani.

"Hili langu! Nimeshalisuuza, halina hata harufu. Nyie mna bomba, sisi Endamarariek maji tunayafuata saa nzima!"

Watu wakampigia makofi. Baba Neema, mimi nikawaona akilini wanawe wanne wakinywa humo.

Nikainuka. "Wifi, hilo si la maji."

"Mchoyo wewe! Udongo wa kaka yangu haujakauka, umeshakumbatia mali?"

Wazee wakaniambia keti. Sikuketi. Nikachukua panga, nikalitoboa mbele yao, mara tatu. Theresia alilia, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo nikimpigia simu hapokei.

Niungame na hili. Mimi mwenyewe nilikunung'unikia miaka yote. Unarudi kazini, Neema anakukimbilia, wewe unarudi nyuma: "Usiniguse mwanangu, baba hajaoga." Unaogea nyuma ya banda. Ovaroli unaifua mwenyewe, kwenye beseni lake, hutaki hata niianike. Nikawa nasema, "Huyu anajiona padri, haguswi." Wewe unacheka tu. Nilidhani moyo wako ni mzito kwetu. Nisamehe. Nisamehe sana.

Dumu nimelirudisha stoo ya shamba la kahawa, kama ulivyokuwa unafanya na mengine. Nimemnunulia wifi jipya, la njano, mfuniko wake unakaza vizuri. Jumapili baada ya misa nitapanda bodaboda nimpelekee. Akinifungia mlango nitakaa uani kwake mpaka afungue. Hilo nakuahidi, na wanawe nitawapenda kama ulivyowapenda.

Ila neno la kuanzia sina. Dada yako akinuna, ni wewe tu uliyejua kumchekesha. Mimi nikifungua mdomo nitalia.

Lala salama, Baba Neema. Mungu akuangazie mwanga wake. Nijibu mapema, hata kwa ndoto, ila iwe kabla ya Jumapili.

Mkeo,
Mama Neema