Kijiko cha Mkono wa Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeanza. Juzi kitinda mimba wangu alinionyesha kwenye simu chumba chake kipya kule ng'ambo. Ukuta mtupu! Msumari mmoja tu juu ya meza, kauacha mpangaji aliyehama. Nikamwambia nitautafutia cha kuning'iniza. Akacheka, mama na mambo yako.

Shemeji anasafiri kwenda huko Jumamosi ya wiki ijayo. Basi nimekwenda karakana ya pale kona, kwa yule binti anayechonga vijiko vya mapambo. Rika la mwanangu — na fundi kwelikweli. Kaniangalia nilivyoshika kisu. Mama, unachonga au unamenya viazi? Tumecheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Nimerudi na kidole kimefungwa.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi anasema mti ni kama manyoya ya paka. Una upande wa kupapasa na upande wa kukukwaruza. Nimeamini! Mti mbichi laini, unanukia tango. Nimechimba tumbo la kijiko, nikachonga ua kwenye mpini. Ukisimama mbali, ua. Ukisogea, buibui.

Simu kimya. Kazi nyingi, najua. Lakini amekula?

Jumapili, 9 Machi

Mungu wangu, kimepasuka!

Fundi aliniambia kikauke polepole, ndani ya mfuko pamoja na maranda yake. Mimi nikaona kinachelewa. Nikakiweka kando ya jiko, kama nilivyokuwa nikimkaushia kitinda mimba wangu soksi za shule. Nasikia — tak! Ufa kutoka mdomoni mpaka kwenye ua. Ile methali ya haraka nimewaimbia wanangu wote. Kumbe mwimbaji mwenyewe kiziwi.

Nimelia kidogo. Si kwa ajili ya kijiko.

Jumatano, 12 Machi

Kingine. Hiki kinakuja vizuri. Fundi kakigeuza geuza, kauliza mbona mdomo umeinama upande huu, mtu atakunywaje supu? Nikamwambia mwanangu ni mashoto.

Lakini mama, hiki ni cha ukutani! Cha kutazamwa tu.

Nikasema wageni watatazama ua. Yeye iko siku atakishusha, atakishika, kitamkaa mkononi. Hapo atajua nilikuwa namwona anavyokula.

Fundi akapuliza vumbi mezani, muda mrefu, na vumbi lenyewe halikuwepo. Halafu akasema mama yake hajui hata yeye anashika kisu kwa mkono gani. Nimemkatia nusu ya mkate wangu. Kala yote, maskini.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji kaja! Alisema jioni, kaja asubuhi hii. Begi lake liko mlangoni, zipu wazi, linanisubiri mimi.

Na ua lina petali nne. Nilitaka tano. Na kijiko bado kibichi — nimekiweka shavuni, kina baridi. Fundi ndivyo alivyonifundisha: kikiwa baridi shavuni, maji bado yamo. Nikikituma huenda kikapasuka njiani, afungue akute kuni. Nisipokituma, msumari ule utabaki uchi mpaka apatikane msafiri mwingine. Nani? Lini?

Shemeji anapiga kelele sebuleni. Ananiambia, shemeji, kijiko ni kijiko, kwani kinakwenda kuoa? Nimempelekea chai. Ya moto sana, makusudi. Namsikia anapuliza.

Nimekifunga na maranda ndani ya kitambaa changu cha kichwa. Nimekifungua. Nimefunga tena. Nimefungua, nikachonga petali ya tano — kisu kimeteleza, imetoka ndogo kuliko wenzake. Basi. Hata yeye alitoka mdogo kuliko wenzake.

Kikombe kimegonga meza. Chai imekwisha. Anauliza naleta au sileti, gari halimngojei mtu.

Naandika kwa mkono wa kulia. Kijiko kiko kwenye wa kushoto, nilitaka kuona tu kitakavyomkaa. Mkono haukiachii.